Picha ya mapokezi iitweje?

SWALI: Shikamoo Mama. Ninaandika hadithi ya kutisha kuhusu picha iliyotundikwa mapokezi kwenye gesti moja ya Pangani. Mgeni akiitazama sana, huondoka amesahau jina la mtu mmoja wa nyumbani kwake. Picha nimeiita "Malkia wa Zambarau". Mwenzangu kasoma, anasema hapo nimemwiga Chambers. Nimejaribu "Kivuli Kisicho na Mwenyewe" na "Jicho la Milele", moyo hautulii. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako kasema kweli. Mmarekani Robert W. Chambers alitoa kitabu mwaka 1895, ndani yake mna tamthilia ya kubuni iitwayo "The King in Yellow", na anayeifikia sehemu yake ya pili akili humruka. Tangu hapo, cheo kikubwa kikikaa pamoja na rangi, mpenzi wa hadithi hizi anajua anapelekwa wapi. Mfalme kumgeuza malkia na manjano kuifanya zambarau ni kupaka chokaa nyumba ya mtu. Ila usijione mwizi, maana Chambers naye majina ya kubuni yaliyomo humo kitabuni, Carcosa na Hali, aliyatoa kwa Ambrose Bierce, mwandishi Mmarekani aliyemtangulia.

Hayo mawili mengine ni mabaya zaidi, uniwie radhi. "Jicho la Milele" linamwomba msomaji aogope kabla hajaona kitu.

Sasa nikuulize: hiyo picha nani kaipa jina? Barua yako haisemi, na nahisi umeipa wewe, ukiwa umekaa mezani kwako. Picha za kweli mara nyingi hupewa majina na watu wa pembeni. Kati ya 1819 na 1823 mchoraji Mhispania Goya alichora picha 14 kwenye kuta za nyumba yake nje ya Madrid, asiipe jina hata moja. Yule mzee aliyekodoa macho akimtafuna mtu tunamwita Saturn, yule mungu wa Warumi wa kale aliyekula watoto wake, kwa sababu waliokuja baadaye walimwita hivyo. Mchoraji Mholanzi Rembrandt naye mwaka 1642 alimaliza picha ya kikosi cha walinzi wa Amsterdam wakitoka mchana. Vanishi ikaingia giza kwa uzee, watu wakaiita "Lindo la Usiku". Miaka ya 1940 ilisafishwa, mwanga ukaonekana, lakini jina halikubadilika. Mimi jina la namna hiyo, lililokosewa halafu likang'ang'ania, hunitisha kuliko malkia yeyote.

Turudi Pangani. Dada anayefuta vumbi pale mapokezi hawezi kusema "Malkia wa Zambarau". Atasema "yule bibi". Mwenye gesti kaiandika kwenye daftari la vifaa, baina ya feni na viti vya plastiki: "Picha kubwa, fremu imeliwa na mchwa, 1". Na akitokea mjukuu wa mchoraji kuja kuidai, atakuwa na jina la tatu, la nyumbani kwao, ambalo pale gestini hakuna aliyewahi kulisikia.

Tena wewe una bahati ambayo naona hujaitumia: picha yako inakula majina ya watu. Kwa nini liache la kwake? Sura ya kwanza dada wa usafi aiite "Bi Mkubwa wa Mapokezi", ya pili "yule bibi", ya tatu "ile", na mwenye gesti akifungua daftari akute mstari una namba 1 tu, maelezo hayapo. Hapo hakuna atakayemkumbuka Chambers.

Ukiona turubai limekuchosha, kuna kanga. Yenyewe huja na jina lake limechapwa, na doti ni vipande viwili vyenye jina lilelile. Mtu anunue doti dukani, afike nyumbani akate, kipande cha pili kiwe kimepungukiwa neno moja. Hilo nakupa bure, ila lisiwe neno la kutisha. Liwe "jirani", au "mama".

Ukishapata jina, litafute intaneti kabla hujaleta mswada, na ulitamke kwa sauti mbele ya mtu asiyesoma hadithi hizi. Akiuliza "ni filamu?", lifute. Na neno "milele" liondoe popote lilipo, hata kwenye mazungumzo. Sura ya tatu mpe kwanza huyo mwenzako aipitie, halafu niletee.