Nimetolewa kibofu, sasa najificha hata kwa mke wangu

SWALI: Nesi, asalam aleikum. Mimi ni mzee wa miaka 61, niko Bombo. Miezi minne sasa tangu nitolewe kibofu sababu ya kansa, mkojo unatokea tumboni kwenye mfuko. Daktari anasema kansa imetoka ila mimi sina raha, msikitini siendi, nalala chumba cha watoto nisije nikamlowesha mama watoto, na mfuko unavuja kila siku ya pili. Saa zingine nasikia kabisa mkojo umenibana na kibofu sina! Nimechanganyikiwa ama?

JIBU: Waaleikum salam mzee wangu. Kuchanganyikiwa hujachanganyikiwa. Hiyo ya kubanwa na mkojo hata wengine waliotolewa kibofu huisikia, ni neva na ubongo bado havijazoea, mara nyingi inapungua polepole.

Najua umeuliza mambo ya moyo lakini mimi naanza na kuvuja, maana mtu shuka inalowa halafu unamwambia ajikaze, atajikaza na nini? Ile nyama nyekundu tumboni, stoma, ni kipande cha utumbo mwembamba, baada ya operesheni inakuwa imevimba halafu inasinyaa kwa wiki 6 mpaka 8. Nadhani wewe bado unakata tundu la plasta ya mfuko, ile inayonata tumboni, kwa kipimo cha siku ile uliyotoka hospitali, so mkojo unapata nafasi, unachoma ngozi, ngozi ikichubuka plasta haishiki, unavuja tena. Pima upya, acha nafasi ya milimita 2 au 3 tu kuzunguka stoma. Badilisha asubuhi kabla ya chai, mkojo bado kidogo, osha na maji, kausha kabisa, usipake mafuta yoyote, bandika halafu shikilia na kiganja dakika moja hivi plasta ipate joto. Mwaga ukifika nusu, usingoje ujae. Usiku unganisha na ule mfuko mkubwa wa kuning'iniza kando ya kitanda, na hapo urudi chumbani kwako bwana.

Ile kitu kama makamasi kwenye mkojo isikutishe, utumbo ndio unaitoa. Na usipunguze maji eti mfuko usijae, wengi wanafanya hivyo halafu mkojo unakuwa mzito, unanuka, infekshen inaingia. Ukiona homa na maumivu ubavuni hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Harufu: mfuko usiovuja haunuki, inatoka ukimwaga basi. Msikitini nenda, dini yetu mtu asiyeweza kuzuia mkojo anatawadha wakati wa swala ukiingia na anaswali, shehe wako atakufafanulia. Mwaga kabla hujatoka nyumbani, beba mfuko mmoja ulioshakatwa tayari.

Sasa chumbani. Hukuuliza lakini nitasema, wazee hawaulizagi. Operesheni hii kwa mwanaume mara nyingi inatoa na tezi dume, neva za nguvu za kiume zinaguswa, zikirudi zinaweza kuchukua mwaka na zaidi. Mama watoto haambiwi haya, yeye anaona tu umehama kitanda na anajijibu mwenyewe. Mwambie. Kuna vidonge na njia zingine, muulize daktari wa mkojo, ila vidonge vya barabarani achana navyo, hasa kama unameza dawa za moyo.

Huzuni yenyewe ni haki yako, umepoteza kiungo. Lakini kama ni wiki mbili mfululizo hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, hapo inaweza kuwa sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, na ina matibabu, hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili. Ukianza kuwaza kufa usingoje siku ya kliniki, nenda leo, na uende na mama watoto, maana daktari atauliza umelalaje na umekula nini na wewe utasema niko sawa.