Wadogo zangu wa lobedi, msianze na tani

Jana kijana mmoja pale ofisini alipokea simu ya kuhamisha ekskaveta ya tani 30. Kabla mteja hajamaliza kueleza, kijana ameshajibu: "Tunayo lobedi ya tani 50, wala usiwe na wasiwasi." Lobedi ni tela yenye kitanda kilichoshuka chini, ya kubebea mashine nzito. Hakuuliza kimo cha mashine, hakuuliza inapakiwa wapi, hakuuliza njia. Kijana huyu nampenda, ana bidii kuliko wengi. Lakini jibu lile nililitoa mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita, kwa sauti ileile ya kujiamini, na najua lilinifikisha wapi.

1. Tani zilizoandikwa kwenye tela ni za mzigo uliotandazwa. Hiyo 50 mnayoitaja kwenye simu inahesabu uzito uliogawanyika juu ya urefu fulani wa kitanda. Ukiuweka wote kwenye mita tatu za katikati, boriti zinabeba kitu kingine kabisa. Soma karatasi za mtengenezaji: tani ngapi, kwa mita ngapi. Mashine fupi nene inaitesa tela kuliko ndefu ya uzito uleule. Na uzito wa kwenye kabrasha la mashine hauna nyundo ya kuvunjia mawe mliyofunga juzi, wala udongo uliokaukia kwenye cheni inazotembelea.

2. Kimo pima baada ya kupakia, tepu ianzie ardhini. Kitanda cha tela bapa ya kawaida kiko kama mita 1.5 kutoka chini. Lobedi ya shingo inayochomoka (shingo ni sehemu ya mbele inayoiunga tela na kichwa cha lori), pale kitanda kinaposhuka kama bonde, ni sentimita 45 hadi 60. Mashine ya mita 3.5 utaiona ina mita 5 juu ya tela moja na mita 4 juu ya nyingine. Mgeni akishaielewa hesabu hii, kuanzia siku hiyo anataka tela ya chini kuliko zote.

Hata mimi nilitaka hiyo hiyo. Mashine ilikuwa ya mita 3.5 hizohizo, njiani palikuwa na daraja la kupita chini yake lenye nafasi ya mita 4.2, na tulikuwa na lobedi mbili. Ya kwanza ilikuwa na kitanda cha sentimita 90, kwa hiyo isingepita. Ya pili ilikuwa chini kabisa, na chini ya tumbo lake palibaki nafasi ya sentimita 15 tu. Nikachagua ya pili bila kusita. Nikaikagua njia kwa pikapu, kwa makini: nyaya, matawi, vibao, daraja lenyewe. Njia nzima macho yangu yalikuwa juu.

Chini ya daraja tulipita salama na nikampungia mkono dereva. Kilomita chache mbele barabara ilikatana na reli, na reli ilikuwa juu ya tuta. Kichwa kilipanda, kikavuka, kikaanza kushuka upande wa pili. Nikasikia chuma kikikwaruza lami, mkwaruzo mrefu, halafu ukakatika ghafla. Tumbo la tela lilikuwa limeketi juu ya reli, uzito umeondoka kwenye matairi ya kichwa yanayovuta, yanazunguka bure na kutoa moshi. Dereva, mtu mzima aliyenizidi umri na kazi, akashuka. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Treni inapita saa ngapi?"

Sikujua. Sikuwa na namba ya watu wa reli. Nilikimbia mpaka kwenye kibao cha makutano, nikakuta namba ya simu na namba ya makutano, nikapiga huku mkono unatetemeka hata tarakimu nikazikosea mara mbili. Treni ilisimamishwa. Ilisimama mahali tulipoiona, na abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuja hadi karibu, akaitazama tela, akanitazama mimi, akarudi zake. Tulipandisha mifuko ya hewa ya tela hadi mwisho, tukapanga mbao nene mbele ya matairi ya kuvuta, kichwa kikazipanda, shingo ikainuka kidogo, tukasogea kwa sentimita. Ilichukua saa mbili, na bado reli ilibidi ikaguliwe kabla treni haijaruhusiwa. Njia ya kuzunguka lile tuta ilikuwepo. Ilikuwa ndefu zaidi, basi.

Tela ikikwama juu ya reli, watu watoke kwanza na simu ipigwe kwanza. Kujinasua kunafuata baada ya hapo.

Tangu siku ile nina kamba garini. Ikate urefu wa kutoka ekseli ya mwisho ya kichwa hadi ekseli ya kwanza ya tela. Watu wawili waishike juu ya tuta, kila mmoja ameweka chini ya ncha ya kamba kipande cha mbao chenye kimo sawa na nafasi iliyo chini ya tumbo la tela. Wavute ikaze. Kamba ikigusa tuta, tela itagusa.

3. Cheni za chuma za mashine juu ya kitanda cha chuma kilicholowa huteleza kama sabuni. Tandika mbao au mpira.

4. Minyororo ya kufungia mzigo ifungwe kwenye matundu ya kufungia, pembe nne, kamwe isipite juu ya silinda za haidroliki. Ukishatembea kilomita chache, simama ukaze tena. Kuna utingo nilifanya naye kazi, alikuwa akigonga kila mnyororo kwa nyundo na kusikiliza mlio. Alikuwa akiniambia upi umelegea kabla sijaugusa, na sikumbuki siku aliyokosea.

5. Transfoma kubwa za umeme na mizigo mizito ya aina hiyo ni ya tela za moduli, yaani vipande vinavyoungwa pamoja, mistari ya ekseli inayogawana uzito kwa haidroliki na kugeuza magurudumu yote. Usijaribu kuinyoosha lobedi ifanye kazi hiyo.

Kijana nimemwambia ampigie tena mteja, aulize upya. Mteja kataja tuta la reli, kilomita sita kabla ya kufika. Asubuhi hii kijana kaondoka na utingo, kamba yangu begani, vipande viwili vya mbao mkononi.