Picha ya kitambulisho ishasambaa, nifanyeje?

Dada, pole. Umesema kitambulisho chako cha taifa kilipotea, ukabandika picha yake Facebook ukimtafuta aliyekiokota, na sasa kuna mtu anakupigia akikutajia NIN yako (namba yako ya utambulisho wa taifa).

Kwanza futa hiyo picha, hata kama wengine wameshaihifadhi. Itazame kwa jicho la tapeli: mbele kuna NIN na tarehe ya kuzaliwa, nyuma kijiji na wilaya. Ndiyo maana anakuita kwa jina utadhani mmekua wote Bwaise, hapa Kampala!

Anachokosa ni namba ya siri (PIN) na ule msimbo wa tarakimu sita wa WhatsApp. Atakuambia, "Nimeutuma kwako kimakosa, nisomee." Usimsomee, hata akilia. Ingia Mipangilio, Akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Na kama PIN yako ya mobile money ni mwaka wa kuzaliwa (wengi wetu ndivyo tulivyo), badilisha leo hii.

Akiendelea, hifadhi namba na jumbe zake, uripoti polisi. Sheria ya kulinda data na faragha hapa Uganda tunayo tangu 2019, ila mimi ningeanza na hiyo PIN.

Na siku ukiokota kitambulisho cha mwingine, je? Usibandike picha; anayedai ni chake, mwulize yeye akutajie kilichoandikwa.