Katavi: maswali yenu kabla hamjafunga mizigo

Safari hii nimekusanya maswali ya hifadhi moja tu, Katavi, kule magharibi mwa Tanzania. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na hadi leo unaweza kuzunguka humo asubuhi nzima bila kupishana na gari jingine. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mimi ni mwalimu, likizo zangu ni Aprili na Desemba. Ipi inafaa zaidi? (Msomaji, Morogoro)

Mwalimu, hakuna inayofaa hapo. Mvua za kule huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, pengine Mei. Udongo wa mbugani ni mweusi. Ukilowa gari linazama hadi ekseli na wa kukuvuta hayupo. Wanyama nao wanakuwa wametawanyika kwenye miombo, maana maji yapo kila mahali.

Katavi kila kitu kinafuata maji. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma huanza kukatika vipande vipande, maziwa ya Katavi na Chada yanageuka nyika ya majani makavu, na ikifika Septemba mwishoni kilichobaki ni madimbwi. Hapo ndipo utawakuta viboko kwa mamia wamebanana mgongo kwa mgongo katika tope zito kama uji wa ulezi. Mmoja akijigeuza, kundi zima linaguna. Walio pembeni tope limewakaukia mgongoni hadi limepasuka, na madume yanaumana kwa sababu ya nafasi ya kulala tu. Mamba hujichimbia mapango kwenye kingo za mto wakangoja mvua humo. Tazama vizuri utaona pua imechungulia. Simba wala hawahangaiki. Wanajilaza karibu na maji, wanajua nyati watakuja wenyewe.

Nikiambiwa nichague wiki moja, nachukua ya mwanzo wa Oktoba, ingawa joto ni kali na harufu ya madimbwi hayo si ya kuisimulia mezani. Wewe tumia likizo ya Juni ambayo hukuitaja: njia zinaanza kupitika, ila majani bado marefu.

Noah yangu itafika? (Msomaji, Tabora)

Sitalike itafika. Kutoka kwenu hadi Mpanda ni lami, na kutoka Mpanda kushuka kusini hadi Sitalike, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 35. Ndani ya hifadhi usiijaribu. Iache Sitalike, kodi Land Cruiser au gari lolote lililoinuka lenye kuvuta magurudumu yote manne. Kabla hamjashikana mikono, uliza kama bei ina mafuta, posho ya dereva na ada ya gari kuingia hifadhini. Ugomvi mwingi huanzia kwenye hiyo ada. Matangi yajazwe Mpanda.

Shikamoo. Sisi ni vijana wanne kutoka Dar es Salaam, bajeti ndogo. Basi, treni au ndege?

Marahaba. Basi. Pitieni Tabora, au Mbeya na Sumbawanga kama mnataka kuiona Rukwa njiani. Treni ya Mpanda inachepuka Kaliua kutoka reli ya kati, na mimi naipenda, lakini haitoki kila siku na ikichelewa inachelewa kwelikweli. Msiipande kama mna tarehe ya kurudi kazini. Ndege ndogo zinazotua Ikuu, ndani kabisa ya hifadhi, ni za wageni wa kambi za kifahari. Hizo zina masharti ya kilo 15 kwa abiria, begi laini, kwa hiyo hata mkifadhiliwa, sanduku gumu libaki nyumbani.

Na msiende kwa usiku mmoja. Mmesafiri nusu ya nchi. Kaeni angalau usiku tatu.

Nimesikia mbung'o wa Katavi wanamaliza watu. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Wapo, na wanauma hata juu ya shati jepesi. Wamejaa zaidi porini kwenye miti. Mkitokeza uwandani karibu na maji wanapungua. Usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Vaa kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito, mikono mirefu. Dawa za kupaka zinawafukuza mbu kuliko zinavyowafukuza hawa. Madereva wengine huwasha kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo lililotobolewa na kulining'iniza nyuma ya gari. Moshi unakereketa macho, lakini afadhali huo.

Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hayampati kila aliyeumwa, ni wachache sana. Ila ukirudi nyumbani ukapata homa, au kidonda kilichovimba palipoumwa, mwambie daktari bila kuulizwa kwamba ulikuwa kwenye mbung'o, asije akatibu malaria peke yake. Dawa za kinga ya malaria nazo usiziache.

Nitawaona nyumbu wakivuka mto?

Hapana, huo ni msafara wa Serengeti na Maasai Mara. Huku njoo kwa viboko, nyati, na ukibahatika palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda.

Kiingilio nalipia wapi?

Langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, benki au kadi. Mtandao wa Sitalike usiutegemee sana, simu yako iwe na salio tangu Mpanda. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, ada ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni wa nje, basi beba kitambulisho.

Mbona wazee wanasema Katuma haukuwa ukikauka hivi? (Msomaji, Mpanda)

Wazee wana haki. Juu ya hifadhi watu wanalima mpunga wa kumwagilia, na maji yamekuwa yakikingwa kwa mabwawa na mifereji kabla hayajafika kwa viboko. Sitamlaumu mkulima anayelisha wanawe, lakini mgao wa maji wa bonde lile ni wa kusimamiwa Juni, mto ungali na kitu. Oktoba hakuna tena cha kugawana.

Tunaweza kulala kwenye hema?

Ndiyo, kuna viwanja vya kambi, na mabanda ya hifadhi pale Sitalike kwa asiyependa hema. Chakula kisilale hemani. Viboko wa pale hutoka mtoni usiku kuja kula majani, na mara nyingine unawasikia wakitafuna hatua chache kutoka kichwani pako. Akiwepo, tulia ndani. Usitoke kumpiga picha, usijiweke kati yake na maji. Chai ya usiku punguzeni.