Brekibiti na mkono wa mpiga ngoma: maswali ya wasomaji

Barua nyingi nilizopokea safari hii kutoka Kisumu, Nakuru na Kakamega zinauliza juu ya jambo moja, nalo ni brekibiti: kile kipande cha ngoma kinachokatwa kutoka katika wimbo uliopigwa na mpiga ngoma wa kweli, kisha kikarudiwarudiwa na kupangwa upya ndani ya muziki wa densi wa kielektroniki. Nimechagua maswali matano.

Mimi ni mpenzi wa hausi, naishi Kondele, Kisumu. Rafiki yangu hunena kwamba nyimbo ninazozipenda hazina breki. Tofauti ni ipi hasa?

Katika muziki wa hausi, uliozaliwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, ngoma ya mguu hulia katika kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kukosa, kwa kawaida kati ya mapigo 118 na 130 kwa dakika. Mchezaji ameshaonyeshwa pa kukanyaga. Brekibiti humwachia kazi ya kufanya. Ngoma ya mguu hutua kwenye pigo la kwanza, kisha huibuka pale ambapo hukuitarajia, baina ya pigo na pigo, huku snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ikilinda pigo la pili na la nne, na katikati yake zikisikika snea nyepesi ambazo mpiga ngoma amezigusa tu kwa ncha ya fimbo. Nafasi zilizoachwa wazi hujazwa na mwili wa anayecheza, na ndiyo maana watu huicheza kwa mabega na kiuno zaidi kuliko kwa nyayo.

Breki yenyewe ni ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji na vyombo vingine hunyamaza, zikabaki ngoma. DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Bronx, New York, na ambaye sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue hukumbukwa kuwa chimbuko la hip hop, alitambua kwamba wachezaji wake walikuwa wakiingojea sehemu hiyo fupi kuliko wimbo wote. Akachukua nakala mbili za santuri moja, akawa anarudisha ya kwanza nyuma wakati ya pili inalia, hata sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa hatuna sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Anayeijua benga anaifahamu ile sehemu ambapo mwimbaji amekwisha kuwasifu aliotaka kuwasifu, akanyamaza, gitaa na besi na ngoma vikaachiwa njia, na waliokuwa wameketi wakainuka.

Ninasoma chuoni huko Njoro na ninatengeneza muziki kwenye kompyuta. Kwa nini nyimbo nyingi za jungle, ule muziki wa kasi wa Uingereza, zinatumia ngoma zilezile, na je, aliyezipiga alitajirika?

Hakutajirika, na swali lako linanigusa kuliko yote niliyoletewa. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Marekani ilitoa santuri yenye wimbo «Color Him Father», na upande wa pili wakaweka wimbo usio na maneno, «Amen, Brother». Katikati yake wenzake wananyamaza, na mpiga ngoma Gregory Coleman anapiga peke yake kwa takribani sekunde 7, yaani duru nne za mapigo manne manne. Isikilize polepole. Duru mbili za kwanza zinafanana. Katika ya tatu anaichelewesha snea moja. Katika ya nne analiacha pigo la kwanza tupu kabisa, kisha toazi kubwa linalia mapema kuliko sikio lilivyotarajia. Kuchelewa huko na ukimya huo ndivyo vinavyokifanya kipande kirudiwe mara mia bila kuchosha, kwa kuwa kila kinapoanza upya msikilizaji anahisi kwamba kuna jambo lilikuwa bado halijatimia.

Kipande hicho kilienea katikati ya miaka ya 1980, kilipowekwa katika mkusanyiko wa santuri za breki kwa ajili ya madijei, wakati ambapo mashine za kuchukua sampuli, yaani vipande vya sauti kutoka rekodi nyingine, zilikuwa zinaanza kufikiwa na vijana wa kawaida. Mojawapo ya mashine hizo, E-mu SP-1200 ya mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 hivi tu za sauti, kwa hiyo kipande cha sekunde 7 kilikuwa mali. Waundaji wa hip hop walikipunguza kasi. Vijana wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakakipandisha hadi mapigo 160 na zaidi kwa dakika, wakakikatakata pigo kwa pigo na kukipanga upya, na hapo ndipo jungle, na baadaye dramu-na-besi, zilipopata uti wa mgongo. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Richard Spencer, kiongozi wa bendi, alipata mwaka 2015 takribani pauni 24,000 zilizochangwa na wapenzi wa muziki kwa hiari yao, wala Coleman hakuwapo kuona lolote. Naomba kila anayekipakua kipande hiki ajifunze kwanza kulitamka jina la mtu huyo.

Je, ni lazima ninunue mashine za santuri ndipo nijifunze kupiga brekibiti? Niko Busia na bei zake sizimudu.

La. Kompyuta, kidhibiti kidogo cha DJ na visikizio vizuri vinatosha, na hata simu itakusaidia kuanza kuhesabu mapigo. Nunua visikizio kwanza.

Ninapiga muziki katika ukumbi mmoja Nakuru. Kila nikitoka kwenye amapiano kwenda jungle, watu huketi. Nakosea wapi?

Kosa haliko kwa watu wa Nakuru. Amapiano hutembea kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika na jungle kwenye 165 au 170. Umewataka waruke mto badala ya kuwatafutia daraja. Yapo madaraja mawili.

La kwanza ni la kupanda taratibu: amapiano, kisha hausi ya mapigo 120 au 124, kisha brekibiti ya 130, ukikaa katika kila ngazi nyimbo mbili au tatu. Unapoingia kwenye brekibiti, usiiondoe ngoma ya hausi mara moja. Ingiza wimbo mpya ukiwa umezizima sauti zake nzito kwenye miksa, matoazi na snea zake zipite juu ya ngoma iliyonyooka kwa mapigo 32, kisha badilishana besi mwanzoni mwa duru mpya. Wakati huo mguu wa mchezaji utakuwa bado na pa kukanyaga, na sikio litakuwa limekwisha kuzoea mvunjiko.

La pili ndilo ninalolipenda, na linafaa kwetu kuliko miji mingi, kwa kuwa rege na dansiholi zimejaa katika matatu na kumbi zetu tangu zamani. Jungle ilijengwa na vijana waliolelewa na mitambo ya sauti ya rege ya Uingereza, na mara nyingi besi yake hutembea kwa nusu ya kasi ya ngoma. Wimbo wa mapigo 172 unaweza kuchezwa kana kwamba ni wa 86, na kasi hiyo hukutana na nyimbo nyingi za dansiholi na hip hop. Toka basi kwenye dansiholi ya 86 uingie kwenye jungle ya 172, ukianza na besi ambayo watu wataitambua, na ngoma zije juu yake baadaye. Niliwahi kufanya hivyo katika harusi moja hapa Kisumu, na wazee waliendelea kucheza na besi huku vijana wakikimbizana na snea, wote katika wimbo mmoja.

Jihadhari na mambo mawili. Kitufe cha kulinganisha kasi hudanganyika kwa urahisi kwenye nyimbo za zamani zilizopigwa na binadamu, kwa kuwa mpiga ngoma huharakisha kidogo na kupunguza kidogo, kwa hiyo tegemea masikio yako. Tena usizilaze breki mbili nzima moja juu ya nyingine kwa muda mrefu, maana snea zake ndogondogo hugongana na ukumbi husikia kelele tupu.

Nyumbani ni Kakamega. Ninaweza kuigeuza isukuti kuwa brekibiti bila kuiharibu?

Unaweza, na ningefurahi kuisikia. Ngoma za isukuti hupigwa zikiwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga za chuma, na mazungumzo baina ya ngoma hizo yana mivunjiko mingi kuliko breki nyingi za santuri. Tatizo kubwa ni programu ya kompyuta. Ukiiruhusu isogeze kila pigo likae mstarini, utakuwa umeiua. Kata kipande kizima cha duru nne au nane, ukifanye hicho kuwa kipimo, kisha kasi ya ngoma zako za mashine ndiyo iifuate isukuti. Rekodi kila ngoma kwa maikrofoni yake ukiweza, ili baadaye uipunguze ile kubwa isipigane na besi.

Juu ya ruhusa, usichukue sauti kutoka katika kanda ya mtu. Rekodi hulindwa kwa miaka 50 chini ya sheria ya hakimiliki ya Kenya, na utunzi una haki yake mbali na rekodi. Isitoshe, densi ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni inadai ridhaa ya jamii yenyewe. Nenda kijijini, zungumza na wazee na wapigaji, waeleze kwa Kiswahili au kwa lugha yao kwamba sauti yao itarudiwa na kukatwa, uwapigie mfano waisikie. Mkikubaliana, andika majina ya wapigaji wote watatu kwenye wimbo, na uwalipe siku hiyohiyo kabla hujafunga vyombo vyako.