Mpenzi wa hevi metali ukiwa Mbeya, usisubiri tamasha

Kila kijana anayegundua ninachosikiliza huniuliza: "Sasa kaka, huku Mbeya wikiendi unaenda wapi?" Anamaanisha kwamba hakuna ukumbi wala bendi, redio zinapiga bongofleva, singeli na kwaya, na mpenzi wa hevi metali, muziki wa magitaa mazito, amebaki na simu na spika za masikioni. Namwandikia huyo aliyebaki na simu yake. Muziki huu ukiusikiliza peke yako mwaka hadi mwaka unakauka. Nimewaona wengi wakiuacha huku bado wanaupenda, kwa sababu tu hawakuwa na mtu wa kuuzungumza naye. Kinachosaidia ni kuwa na Jumamosi yenye mpango, uliojengwa kwa vitu vilivyopo hapa hapa, bila kungoja mtu atuletee jukwaa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha upande wa Soweto. Nalitaja hilo kwa kuwa muziki wenyewe ulitoka kwa watu wa karakana. Black Sabbath walikuwa vijana wanne wa Birmingham, mji wa viwanda kule Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati, tena siku yake ya mwisho kazini. Vilikuwa vidole vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa kushoto, maana yake ndivyo alivyokuwa anabonyezea nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimtese. Nyuzi zikilegezwa sauti inashuka na kuwa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970, na karibu kila bendi nzito iliyofuata imekunywa kwenye kisima hicho. Mtu anayeshinda na grainda kuanzia asubuhi hahitaji kufafanuliwa kwa nini sauti ile inamwingia.

Kwa hiyo ukitafuta wenzako, anzia penye kazi. Pita kwenye magereji, kwa mafundi redio, kwa madereva wa malori ya Tunduma wanaokesha barabarani, na kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Mahali pengine ni mitumbani. Belo la fulana likifunguliwa Mwanjelwa, kwenye rundo la nyeusi hukosi kukutana na fulana ya bendi ya metali, Iron Maiden, Metallica au Slayer, na muuzaji anaiuza bei ile ile ya fulana yenye tangazo la duka la rangi. Nenda asubuhi mapema siku ya kufungua mzigo, angalia mshono wa shingo na makwapa, na ukifika nyumbani ifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa nje ndani, kisha uianike kivulini, ili michoro isipasuke. Sisi wa nyanda za juu tuna bahati ambayo wa Dar es Salaam hawana: jaketi jeusi zito hapa ni vazi la lazima, hasa Juni na Julai, hakuna atakayekushangaa.

Ukimkuta mtu kavaa fulana ya bendi, mwambie "fulana yako kali" kisha umsikilize. Usimwekee mtihani wa kutaja albamu tatu. Huenda ameinunua kwa sababu imemkaa vizuri tu, na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwenzako wa miaka mingi akikaribishwa kwa upole. Mtihani unafukuza watu, na unawafukuza kina dada kwanza. Nimeona dada anayejua dramu kuliko sisi wote akikaa kimya kwa sababu kila alipofungua mdomo alihojiwa. Siku hizi hilo tunalikataza waziwazi.

Sasa Jumamosi yenyewe. Kwetu ni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, baada ya watu kufunga kazi, kufua na kwenda sokoni. Tunasikiliza albamu moja, nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kurukaruka. Ijumaa usiku mwenye zamu anaishusha kwa bando la usiku na kuiweka kwenye flashi, maana intaneti ya alasiri haiaminiki na umeme nao una siku zake. Simu zinawekwa kando. Albamu ikiisha, kila mmoja anasema alichosikia. Hapo ndipo utamu ulipo. Mmoja amesikia besi tu, mwingine amekwama kwenye mstari mmoja wa maneno, wa tatu hakupenda chochote na anaeleza kwa nini. Katika mabishano hayo nimejifunza mengi ambayo nisingeyapata nikiwa peke yangu na masikio yangu.

Kuhusu chombo, sabufa zetu nyingi zimetengenezwa kwa muziki wa kucheza, besi inatangulia mbele ya kila kitu. Ukizipigia metali bila kugusa chochote utasikia ngurumo tu, gitaa limezama. Shusha besi, pandisha sauti za kati, halafu inua boksi kutoka sakafuni uliweke juu ya meza au tofali na ulisogeze mbali na ukuta. Gitaa litatokea. Faida nyingine ni kwamba ngurumo inayobaki haipiti sana kwenye ukuta wa jirani.

Na jirani mfuate kabla hajakufuata. Jirani yangu ni mama mtu mzima wa Kinyakyusa. Nilimwendea, nikamwamkia "Ugonile mama," nikamweleza kuwa Jumamosi tunakuwa na wageni na muziki una kelele. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo anayelia humo ndani huwa amefanyiwa nini?" Nikamweleza kwamba ni namna ya kuimba, mtu anatoa hasira na uchungu kwa sauti ya kooni, kama waombolezaji wanavyopandisha sauti msibani. Alielewa mara moja. Tukakubaliana mwisho saa kumi na mbili, na ukiwepo msiba mtaani hatuwashi kabisa. Makubaliano hayo hayajawahi kuvunjika.

Nyumbani kuna mazungumzo magumu zaidi. Mkoa wetu ni wa makanisa, na mzazi akiona fuvu kwenye fulana anaona shetani. Usimdanganye mzazi wako. Mwambie ukweli kwamba bendi zinazomtukana Mungu waziwazi zipo, na kwamba Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa tawi moja la muziki huu walichoma makanisa moto, wakafungwa. Kisha mwonyeshe kwamba si wote. Mimi nilikaa na mama yangu nikamfasiria mstari kwa mstari maneno ya "War Pigs" ya Black Sabbath, ya mwaka 1970: majenerali wanapanga vita, wanawatuma maskini kwenda kufa, na siku ya hukumu wanatambaa kwa magoti wakiomba huruma kwa dhambi zao. Mama alisema, "Hayo hata mchungaji anayahubiri." Hajaupenda mlio mpaka leo, na hana sababu ya kuupenda, lakini hofu ilimtoka. Jumapili niko kanisani pamoja naye. Upande wangu nimeamua kutosikiliza baadhi ya bendi, na naamini kila mpenzi anapaswa kujichorea mpaka wake mwenyewe akiwa na akili timamu, badala ya kuchorewa na wenzake.

Kanisani ndiko pia waliko wanamuziki. Dramu kamili, gitaa la umeme na besi, katika mitaa yetu mingi, utavikuta kwenye kwaya kabla ya kuvikuta mahali pengine. Ukitaka kupiga, jiunge na kwaya kwa moyo mweupe, fika mazoezini kwa wakati, jifunze kushika mapigo. Nyumbani gitaa lolote la kuanzia linatosha. Weka nyuzi nyembamba, zilegeze kidogo kama Iommi, pata kile kifaa cha mguuni kinachokwaruza sauti, na uanze na mapigo ya polepole. Anayeanza na ya kasi huwa anajifunza kubabaisha.

Kwa masikio nasema kwa ukali, kwa sababu nimefanya kazi na wazee wa karakana ambao leo ukiwasalimia lazima upige kelele. Kelele ya desibeli 85 wataalamu wa afya kazini huiruhusu kwa saa 8. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Ikifika 100 umebaki na dakika 15. Grainda inafika hapo, na spika za masikioni zilizofunguliwa mpaka mwisho zinaweza kufika pia. Fundi aliyeshinda kwenye kelele wiki nzima hana akiba ya kuchezea Jumamosi. Nunua vizibo vya sponji, vinauzwa penye vifaa vya usalama kazini na ni bei ndogo. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Masikio yakivuma usiku, kesho yake yapumzishe kabisa. Na shingo vilevile: ukitikisa kichwa kufuata mapigo, tikisa kuanzia kiunoni. Tom Araya wa Slayer alipasuliwa mwaka 2010 kwa ajili ya shingo na ikabidi aache kutikisa kichwa jukwaani.

Mkishakuwa kundi, banda umiza ni ukumbi wenu. Mwenye banda anaishi kwa mechi, kwa hiyo siku na saa zisizo na mpira televisheni yake imelala, na mkichanga kiingilio cha kawaida cha mechi anafurahi. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, alipofariki tarehe 22 Julai 2025, siku chache tu baada ya kuwaaga mashabiki akiwa ameketi kwenye kiti chake pale uwanja wa Villa Park, mjini kwao Birmingham, tulifanya hivyo hivyo. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao tukaangalia maonyesho yake ya zamani mpaka jioni, na wapo waliofuta machozi.

Msidhani kuwa mmejitenga na dunia. Ng'ambo ya Tunduma tu, Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na muziki wake wa magitaa mazito, Zamrock, na bendi ya WITCH iliyoongozwa na Emanuel "Jagari" Chanda. Mzazi au mjomba anayekataa metali mwanzishie hapo, kwa sababu anasikia ngoma anazozifahamu. Botswana ina bendi za Wrust, Skinflint na Overthrust, na mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi viatu chini ya jua la Kalahari. Nairobi ilitoa Duma, watu wawili waliotikisa wasikilizaji wa mbali kwa albamu yao ya 2020. Wekeni angalau albamu moja ya Afrika kila mwezi.

Kiangazi kikiingia, tokeni nje. Mlima Loleza uko nyuma ya mji, na Ziwa Ngosi ni mwendo wa asubuhi moja ukianza mapema. Ila safari ninayoipenda kuliko zote ni Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi mkoani Songwe. Ni pande la chuma na nikeli lenye urefu wa kama mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 10, lililoshuka kutoka angani. Mpima ardhi W. H. Nott aliliripoti mwaka 1930. Kwa mtu anayechomelea na anayependa muziki huu, kuweka kiganja juu ya chuma kile ni jambo zito. Pandeni basi la Tunduma asubuhi, shukeni njiani, malizieni kwa bodaboda, na mpatane bei ya kwenda na kurudi kabisa, maana jioni pikipiki kule ni chache. Bebeni koti, maji na fedha ya kiingilio. Muziki usikilizeni ndani ya basi kwa spika za masikioni. Pale penyewe zimeni, kuna familia na wanafunzi wamekuja kujifunza.

Mwisho ni mgeni. Atakuja mtu kwa mara ya kwanza, na hamu yenu itakuwa kumpigia kile kikali kuliko vyote. Msifanye hivyo. Mwulizeni anapenda nini. Wa kwaya mpeni Iron Maiden, sauti inapanda na nyimbo zinasimulia hadithi. Wa singeli mpeni thrashi, yaani metali ya kasi, Slayer au Metallica ya mwanzo, kasi tayari anaijua. Wa rege mpeni Black Sabbath ya polepole. Akiomba isimamishwe, isimamisheni, mmiminieni chai, mpige stori nyingine. Akirudi wiki inayofuata, zamu ya kuchagua albamu iwe yake, hata kama atachagua kitu ambacho nyinyi hamkipendi.