"Hakuna maswali": mjane wa Kisumu, vyumba vya Airbnb na mirathi iliyolala

SWALI

Assalamu alaykum sheikh wetu. Mimi ni mjane, naishi Kisumu. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia fleti mbili Milimani. Tumebaki mimi, kijana wangu aliye kidato cha tatu, wasichana wawili wadogo, na mama mkwe ambaye yuko Mumias. Baba mkwe alitangulia zamani. Mwanzo nilipangisha kwa mwezi, lakini mpangaji wa mwisho alihama usiku na deni la miezi minne. Mpwa wangu akanishauri nitie vitanda, makochi, runinga na waifai, tuziweke Airbnb, ule mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku. Alhamdulillahi zinalipa, na ndizo zinazotoa karo. Lakini Februari 14 walikuja kijana na msichana, wakalipa usiku mzima na wakaondoka kabla ya saa nne za usiku. Nilipokwenda asubuhi kubadilisha mashuka nilikuta chupa mbili za mvinyo chini ya sinki, na hijabu imesahauliwa nyuma ya mlango. Niliketi pale kitandani nikalia.

Mpwa wangu anasema: "Auntie, wewe unauza ufunguo tu. Mlango ukifungwa ni wao na Mola wao, hata Imamu Abu Hanifa kasema hivyo." Shemeji yangu anasema pesa yote ni haramu, nimkabidhi fleti yeye azisimamie zitakasike, au basi niweke kamera sebuleni niwanase wazinifu. Ramadhani nilipeleka shilingi 5,000 za futari msikitini, zikarudishwa. Je, nakula haramu na watoto wangu?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Nimeamua kuijibu mbele ya watu, jina lako likiwa limefichwa, kwa sababu hauko peke yako. Hapa kwetu Nakuru tangu mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, kila mwenye chumba cha ziada amekuwa mwenye wageni, na maswali kama lako yananifikia kila msimu. Wengi huuliza wakiwa na jibu lao mfukoni. Wewe umeuliza ukilia, na hiyo ni dalili ya moyo ulio hai.

Kukodisha nyumba yenye fanicha kwa siku moja hakuna tofauti na kuikodisha kwa mwaka. Ni ijara, yaani mkataba wa kukodisha, na ijara ni halali maadamu manfaa yanajulikana, muda unajulikana na malipo yanajulikana. Mgeni anayetoka Busia kumuuguza mzazi wake pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi, "Russia" kama mnavyoiita, akakosa pa kulala, ukampa kitanda kisafi na jiko la kumpikia mgonjwa uji, huyo umemsaidia na umemlipisha kwa halali. Sitakaa sana hapo.

Nitakaa kwa mpwa wako, kwa sababu maneno yake ndiyo yanayosambaa kwenye simu za vijana wetu, na yana utamu wa hoja.

Anasema unauza ufunguo. Sasa na nimuulize: mtu analipa shilingi elfu tatu na mia tano kwa ajili ya kipande cha chuma? Analipia manfaa, na katika ijara manfaa ndiyo bidhaa. Ukitangaza manfaa gani, ndiyo unayouza. Nimelitazama tangazo lenu, maana uliniambatishia picha yake. Limeandikwa: "Wapenzi karibuni, kwa saa au kwa usiku, hakuna maswali." Dada yangu, maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo kesi yote. Mwenye kumuuguza baba yake hahitaji kuahidiwa kwamba hataulizwa. Mwalimu aliyekuja semina haendi kutafuta nyumba isiyo na maswali. Ahadi hiyo ina mteja mmoja tu, na aliyeiandika anamjua. Lojing za kando ya steji zilikuwa zikifanya biashara hiyo hiyo kabla intaneti haijaja, na hakuna aliyekuja kuniambia kwamba zinauza ufunguo.

Ama Imamu Abu Hanifa, mwenye madhehebu ya Hanafi, Allah amrehemu, asisingiziwe. Ni kweli imenukuliwa kwake kwamba hakuona ubaya mtu kukodisha nyumba katika vijiji vya Sawad, yaani mashamba ya Iraki, kwa asiye Mwislamu ambaye ataifanya hekalu la moto au kanisa, au atauza pombe ndani yake. Hoja yake ni kwamba mkataba umefungwa juu ya manfaa ya nyumba, ujira unalazimu kwa kukabidhi nyumba hata isipotendeka maasi, na maasi ni kitendo cha mpangaji kwa hiari yake. Haya, lakini mpwa wako hakufika mwisho wa ukurasa. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hassan, walimpinga humo humo, wakasema haifai, kwa kuwa ni kusaidia maasi. Na wafuasi wake wenyewe waliifunga kauli hiyo na vijiji vile vya Sawad kwa kuwa wakazi wake wengi hawakuwa Waislamu, wakakataa kuipeleka katika miji ya Kiislamu. Imamu alizungumzia mpangaji anayechukua nyumba akaishi nayo atakavyo. Hakuzungumzia mwenye nyumba anayetandika kitanda, akaweka taa nyekundu, akaandika bei kwa saa, kisha akaosha mashuka asubuhi. Kumtoa Imamu kaburini ili awe wakili wa tangazo la Februari 14 ni utovu wa adabu, na nina hakika mpwa wako akitulia atalionea haya.

Kwa Mashafii, yaani wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao ndio tunaowafuata wengi wetu kutoka Pwani hadi Mumias, mizani iko katika mfano wa zabibu. Kumuuzia zabibu mtu unayejua, au unayedhania kwa nguvu, kwamba atazikamua pombe ni haramu. Ukiwa na shaka tu, ni makuruhu, yaani inachukiza bila kuwa haramu. Usipojua lolote, ni biashara kama biashara nyingine. Hii ndiyo tafsiri ya vitendo ya kauli ya Allah katika al-Maida, aya ya 2: saidianeni katika wema na ucha Mungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui. Kwa hiyo anayekupigia simu saa mbili za usiku akiwa hapo hapo Kisumu akataka chumba "kwa saa tatu tu", hujamdhania vibaya ukimwambia hatukodishi kwa saa. Yeye mwenyewe kakuambia anachokitaka.

Sasa nigeuke kwa shemeji yako, na hapa nitakuwa mfupi lakini sitakuwa mpole.

Kusema pesa yote ni haramu kwa sababu baadhi ya wageni walifanya haramu ni kusema juu ya Allah bila elimu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki deraya yake, vazi lake la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri ya nyumbani kwake, hadithi ya Bi Aisha iliyo katika Bukhari. Na Qur'ani yenyewe inawaeleza baadhi ya Mayahudi kwamba walikula riba. Hata hivyo Mtume hakusema mali yao yote imechafuka. Mali iliyochanganyika haigeuki nguruwe. Kwa hiyo waliokurudishia shilingi 5,000 za futari walikosea, na nawaomba, kama wanasoma, wakuombe radhi. Mjane anarudishiwa bahasha mbele ya wenzake, na matajiri ambao hatuwaulizi mali yao imetoka wapi tunawawekea viti vya mbele. Tunajuana.

Na kamera ya sebuleni? Subhanallah. Anataka kuzuia dhambi ya watu wawili kwa dhambi yake yeye, tena inayorekodiwa. "Wala msipeleleze," al-Hujurat aya ya 12. Mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume, naye Mtume alikuwa na kichanio mkononi, akamwambia lau angejua anachungulia angemchoma nacho jichoni, kwani idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Imo katika Bukhari na Muslim. Mgeni aliyelipa, chumba ni chake mpaka muda uishe. Atavua kanzu, atalala na mkewe wa halali, atamnyonyesha mwanawe. Weka kamera langoni na kwenye korido kwa usalama, na uandike kwenye tangazo kwamba ipo. Ndani ya mlango, hapana. Nasikitika kwamba mtu aliyesoma juzuu amma nzima anahitaji kuambiwa hili.

Njia iliyo kati ya wawili hawa si ngumu. Lifute tangazo lile leo, kabla ya Isha. Andika jipya: usiku mmoja kwenda mbele, hakuna kwa saa, hakuna pombe, hakuna sherehe. Chukua jina na kitambulisho cha kila atakayelala, si cha aliyelipa pekee. Hili hata serikali na polisi wanalihimiza, na unakumbuka Januari 2024 wanawake wawili waliuawa kwa siku chache tu katika nyumba za namna hii Nairobi. Msichana yule aliyesahau hijabu yake ni binti wa mtu, na lau angedhurika usiku ule usingekuwa na jina hata moja la kumpa baba yake. Kile kisanduku cha ufunguo chenye namba za siri kinarahisisha kazi, najua, lakini mgeni wa mara ya kwanza ni bora apokewe na mtu, amwone uso. Utashangaa jinsi "karibu, naomba vitambulisho" inavyowapunguza wale wanaotafuta kujificha. Cheti cha ndoa usimdai mtu. Wangapi kati yetu tunatembea nacho? Na nusu ya ndoa zetu za msikitini hata hatujui cheti kiliwekwa kabati gani. Wakija mwanamume na mwanamke wazima kwa utulivu, na huna ishara, wachukulie kwa wema. Wakivunja masharti yako kwa siri, mzigo ni wao.

Pesa za nyuma: yale malipo unayoyajua kwa yakini, ya saa chache na ya usiku ule wa Februari, yakadirie na uwape maskini kwa nia ya kuyatoa mikononi mwako, si kwa nia ya thawabu ya sadaka. Mengine yaache. Ile hijabu ifue, iweke. Pengine ataijia.

Hapo ndipo swali lako linapoishia, wallahu aalam. Lakini mimi sikulala kwa sababu ya sentensi uliyoipita mbio: mume alifariki miaka mitatu iliyopita, akatuachia fleti mbili, na mama yake yuko Mumias. Umehesabu chupa za mvinyo chini ya sinki. Mirathi je, imegawanywa?

Kwa jinsi ulivyoeleza, haijagawanywa. Tangu siku ile alipozikwa, baada ya madeni yake na wasia kama upo, fleti zile si zako pekee, na kodi yake si yako pekee, hata kama wageni wote wangekuwa mahujaji. Wewe una thumuni, yaani moja ya nane. Mama yake ana sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili ya wa kike. Ichukue hivi: ukishatoa umeme, maji, dobi, na ujira wa haki wa kazi yako mwenyewe kwa makubaliano, zikabaki shilingi 48,000, basi wewe una 6,000, mama mkwe 8,000, kijana 17,000, na kila msichana 8,500. Karo ya watoto kutoka mafungu yao ni sawa, na wadogo unawasimamia wewe kwa amana. Allah ametaja katika an-Nisaa, aya ya 10, wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, na sikudhanii hata kidogo kwamba uko miongoni mwao. Lakini kijana wa kidato cha tatu ni baleghe, nyumba hizi ni zake zaidi kuliko zako, na sidhani kuna aliyemuuliza kama anaridhia zifanywe Airbnb. Na yule bibi wa Mumias ana miaka mitatu ya sudusi ambayo haijafika.

Utaona sikumtaja shemeji. Sikusahau. Ndugu wa marehemu harithi chochote akiwepo mtoto wa kiume. Hana senti katika fleti zile, na hana mamlaka ya kukwambia umkabidhi azitakase. Nimesikia upande mmoja, nakiri, na pengine ana uchungu wa kweli kwa ajili ya mama yake. Kama ni hivyo, amdaie mama haki yake, nasi tutamuunga mkono.

Nenda Mahakama ya Kadhi hapo Kisumu, na hati za nyumba na cheti cha kifo, ufungue faili ya mirathi. Lakini kabla ya karatasi, panda matatu ya Mumias na kijana wako, mketi na mama mkwe, mumwambie hesabu yote kama ilivyo, na lile la Februari ukiweza. Huenda akasamehe ya nyuma, huenda akadai. Ni haki yake vyote viwili. Akiridhia biashara iendelee kwa masharti mapya, iandikeni, mtie sahihi. Na mpwa wako nipe namba yake. Kijana anayejua kutaja Sawad, hata kama hakumaliza ukurasa, nataka aje kwenye darsa ya Jumamosi.